Hasira ya Ofisini Isimwangukie Asiyehusika

Katika ofisi nyingi za umma vipo vitu viwili vinavyosafiri kila siku kwa njia zinazopingana. Jalada hupanda. Kutoka masjala huenda kwa ofisa, kutoka kwa ofisa huenda kwa mkuu wa idara, na mwisho humfikia mwenye kalamu ya uamuzi. Hasira hushuka. Mkuu wa idara aliyekemewa asubuhi mbele ya wageni hamjibu aliyemkemea, maana mshahara una adabu yake. Hurudi chumbani mwake, akamwita ofisa na kumkaripia kwa kosa ambalo jana lilipita bila neno. Ofisa naye humtafuta karani. Karani, ambaye chini yake hakuna tena mtu wa kuamrishwa, humkuta mwananchi aliyeketi kwenye benchi tangu alfajiri akifuatilia hati yake, na kumwambia kwa sauti ya kukata kwamba aje kesho. Wananchi wamezoea kulalamika kuwa "njoo kesho" ni tunda la uvivu au dalili ya kutaka kitu kidogo, na mara nyingine ni kweli. Lakini zipo "njoo kesho" zilizozaliwa ghorofa ya 3, katika kikao ambacho mwananchi huyo hakukijua wala hakutajwa.

Shuleni mambo hayatofautiani. Afisa elimu akimdhalilisha mwalimu mkuu kwa sababu ya matokeo ya mtihani, mwalimu mkuu huingia katika chumba cha walimu akiwa amekunja uso. Mwalimu aliyeupokea uso huo huingia darasani, na huko yupo mtoto wa darasa la 3 aliyesahau daftari nyumbani. Mtoto huyo ndiye mwisho wa ngazi, na hana wa kumshushia isipokuwa mdogo wake.

Kwa hiyo swali la namna ya kuitoa hasira iliyojaa kifuani si jambo la faragha tu, la mtu na moyo wake, kama wengi wanavyolichukulia. Kwa mtumishi wa umma na kwa mwalimu ni sehemu ya kazi, kwa sababu hao wawili wamepewa madaraka juu ya watu wasioweza kujitetea kwa urahisi. Fundi seremala akikasirika huenda akaharibu ubao. Mwenye muhuri na mwenye fimbo akikasirika, anayeharibikiwa ni binadamu.

Kiswahili chenyewe kimelichungulia jambo hili kwa makini zaidi kuliko wasemaji wake wa leo. Ipo hamaki, ule mwako wa ghafla unaomfanya mtu aropoke kisha ajute kabla chai haijapoa. Ipo ghadhabu, iliyo nzito zaidi na yenye kutisha. Kipo kinyongo, ambacho hakina kelele hata kidogo. Mwenye kinyongo husalimia, hucheka, huhudhuria vikao, na jalada la aliyemuudhi hukaa chini ya majalada mengine kwa miezi 6. Lipo fundo la moyo, na lipo donge linalokaa kooni. Yafaa ieleweke kwamba hayo si majina mengi ya kitu kimoja, na dawa ya hamaki yaweza kuwa sumu kwa kinyongo. Anayesema "hasira hasara" amesema kweli, ila hajaeleza ni hasira ipi wala hasara inamwangukia nani. Methali ya wavuvi ni kali zaidi: hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi. Samaki huyo hurukaruka kwa ghadhabu hadi akaangukia ndani ya mtumbwi. Watumishi wangapi wameandika barua ya kujiuzulu saa 4 asubuhi, na saa 8 mchana nafasi yao ikawa imekwisha kupata mwombaji?

Hapana budi kwanza kuliondoa kosa moja ambalo limeenea sana na kuvaa sura ya hekima. Wengi huamini kwamba hasira ni kama mvuke ndani ya birika lililofunikwa: usipoutoa, birika litapasuka. Kutokana na imani hiyo hupatikana ushauri wa kupiga mto kwa ngumi, kupasua vyombo, kupiga kelele, kubamiza mlango, au kumtolea mwenzako maneno yote uliyonayo "ili moyo uwe mwepesi". Fikra hiyo ilipata heshima ya kisayansi kutoka Vienna, ambako mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud walichapisha kitabu juu ya maradhi ya nafsi kilichofundisha kwamba hisia iliyofungiwa huleta ugonjwa, na kwamba kuitoa huleta nafuu. Tangu hapo fikra hiyo imesafiri mbali. Katika miji ya Japani na ya Marekani vimefunguliwa vyumba ambamo mtu hulipa fedha, akapewa kofia ngumu na rungu, kisha akavunja sahani na mitambo mibovu mpaka achoke. Mtu wa nchi ambayo sahani hununuliwa kwa hesabu atashangaa, lakini watu hulipa.

Yaliyopatikana kwa uchunguzi ni kinyume cha imani hiyo. Mwaka 2002 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 600 wa chuo. Kila mmoja aliandika insha, kisha akarudishiwa ikiwa na maneno ya kashfa yaliyomkasirisha. Baadhi yao walipewa mfuko wa mazoezi ya ngumi, wakaambiwa waupige huku wakimfikiria aliyewakashifu. Wengine walipiga mfuko huohuo wakifikiria mazoezi ya mwili. Kundi la tatu lilikaa kimya kwa muda mfupi, bila kufanya lolote. Baadaye wote walipewa nafasi ya kumwadhibu mwenzao kwa mlio mkali masikioni. Walioupiga mfuko wakimfikiria adui yao ndio waliokuwa na hasira zaidi na ukatili zaidi. Waliokaa tu, wakisubiri, ndio waliokuwa wapole kuliko wote.

Miaka 22 baadaye, mwaka 2024, Bushman huyohuyo pamoja na Sophie Kjærvik walikusanya uchunguzi 154 uliokwisha kufanywa na watu mbalimbali, wenye washiriki 10,189, wakaupima kwa pamoja. Jambo lililojitokeza ni moja. Vitendo vinavyotuliza mwili, kama kuvuta pumzi taratibu, kulegeza misuli na kutafakari kwa utulivu, hupunguza hasira. Vitendo vinavyouchemsha mwili, kwa jumla, havipunguzi. Hata kukimbia, jambo linalosifiwa na kila mtu, kulionekana kuongeza hasira badala ya kuipunguza. Haina maana kwamba kukimbia ni kubaya, kwani moyo na mapafu huyahitaji mazoezi hayo. Lakini mtu anayekimbia peke yake huku akirudiarudia kichwani maneno ya mkuu wake hurudi nyumbani na miguu iliyochoka na hasira iliyopumzika.

Michezo ya mpira ilikuwa na matokeo tofauti, maana hiyo ilionekana kupunguza hasira. Huenda ni kwa sababu ina furaha na ina wenzake mtu, na mchezaji wa netiboli hapati nafasi ya kufikiria barua ya onyo wakati mpira unakuja. Watumishi wa wizara na idara za Serikali wanayo SHIMIWI yao, yenye mpira wa miguu, netiboli na kuvuta kamba, na wapo wakuu wanaoitazama michezo hiyo kama likizo ya wavivu. Wakuu hao wangefaa wavae raba nao waingie uwanjani, hasa upande wa kamba, wavute pamoja na makarani wao.

Sababu ya birika kushindwa kuwa mfano mzuri ni nyepesi kueleweka. Mtu akikasirika, mwili wake hujiandaa kwa vita. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Mwili huo haujui kama adui ni simba au ni mhasibu. Anapobamiza meza, anauambia mwili kwamba vita bado vinaendelea, nao mwili hutii. Hakuna mvuke unaotoka hapo. Kilichopo ni moto unaoongezewa kuni, na kwa kuwa baada ya kufoka mtu husikia raha kidogo, kesho atafoka tena kuitafuta raha ileile. Ndivyo ofisi inavyopata mtu anayejulikana kwa jina la "mkali", sifa ambayo kwa bahati mbaya baadhi ya viongozi huipokea kama nishani.

Je, basi mtu ameze? La. Kumeza nako kuna gharama, na hapa wale wenye kinyongo wasijione wamesalimika. Hata katika mwaka huohuo wa 2024, wachunguzi wa Marekani walichapisha jaribio lao kwa watu wazima 280 wenye afya. Baadhi yao waliombwa wakumbuke kwa dakika 8 jambo lililowakasirisha. Mishipa yao ya damu ilipoteza kwa muda sehemu ya uwezo wake wa kutanuka, na hali hiyo iliweza kudumu hadi dakika 40. Hakuna aliyewafokea, walikumbuka tu. Mtumishi anayekumbuka dhuluma yake kila akipanda basi, na kila akiweka kichwa kwenye mto, anaitumikisha mishipa yake bila likizo. Inajulikana pia kwamba hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo huongezeka katika saa 2 zinazofuata mlipuko wa hasira, hasa kwa wale ambao moyo wao tayari una kasoro au shinikizo la damu liko juu. Kwa hiyo anayelipuka hujidhuru, na anayeitunza kama akiba hujidhuru vilevile, huyu wa pili akichelewa kidogo tu.

Njia iliyobaki ni kuituliza kwanza, kisha kuisema mahali panapostahili, kwa mtu anayehusika. Mambo mawili, na mpangilio wake hauwezi kugeuzwa. Mababu waliyafahamu haya bila maabara.

Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kila mwezi Julai watu husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Kishirazi. Mgeni anayefika bila kuelezwa hudhani amekuta ugomvi. Wanaume wa pande mbili za mji husimama wakakabiliana na kupigana kwa mabua ya migomba, wakati wanawake wakiimba nyimbo zenye maneno makali. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na baadaye watu hula pamoja na kwenda pwani. Wenyeji hueleza kwamba mapigano hayo ni ya kumaliza magomvi ya mwaka unaokwisha, ili mwaka mpya usianze na deni la moyo. Mpenda birika atafurahi akidai kwamba huo ndio ushahidi wake. Lakini atazame vizuri. Mapigano hayo yana siku moja katika mwaka. Silaha yake ni bua la mgomba, kitu laini kisichovunja mfupa. Husimuliwa kwamba zamani zilitumika fimbo, na wazee waliona heri zibadilishwe. Wapiganaji ni wa rika linalolingana, hakuna mtu mzima anayempiga mtoto wala bwana anayempiga mtumishi. Mji mzima unatazama. Na baada yake kuna chakula kimoja, ambacho aliyepigana hawezi kukikataa bila kujiaibisha. Ondoa masharti hayo, acha bua peke yake, na kitakachobaki ni fujo ya kawaida inayofaa kituo cha polisi. Nguvu ya sherehe ile imo katika mipaka yake na katika chakula kinachofuata.

Bara nako kuna utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyoshuka pwani, na mtani anayo ruhusa ya kumwambia mtani wake ukweli ambao ndugu wa damu asingethubutu kuutamka, hata msibani, mbele ya jeneza. Mambo hayo yaliwavutia hata watafiti wa kikoloni, R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Utani hutoa uchungu ukiwa umevikwa kicheko, na sharti lake kuu ni kwamba anayeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Wanawake wa pwani, kwa upande wao, wameyapitisha mengi katika maandishi ya kanga. Jirani husoma mgongoni mwa mwenzake ujumbe uliomlenga, wala hakuna sauti iliyopandishwa. Ingawa mipasho ya kanga mara nyingine huchochea zaidi ya kutuliza, na wenye nyumba za kupanga wanalijua hilo, bado ni bora kuliko maji ya moto.

Tatizo ni kwamba ofisi ya leo haina mtani aliyeteuliwa, wala Mwaka Kogwa wa wizara. Mtumishi amebaki na kiti chake na simu yake, na simu ni chombo cha hatari kwa mwenye hasira. Zamani barua ya ghadhabu ilipaswa kuandikwa kwa mkono, ikapigwa chapa, ikatiwa katika bahasha, ikamsubiri tarishi. Katika kila hatua hasira ilipungua. Leo ujumbe hufika katika kundi la watumishi 60 kabla mwandishi hajamaliza kupumua, na kuufuta baadaye ni sawa na kuyafuata maji yaliyokwisha mwagika.

Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, mwezi Julai mwaka 1863 alimkasirikia sana Jenerali George Meade kwa kuacha jeshi la adui litoroke baada ya mapigano ya Gettysburg. Aliketi akamwandikia barua ndefu yenye lawama. Barua hiyo ilikutwa miongoni mwa karatasi zake baada ya kifo chake, ikiwa na maandishi yake mwenyewe kwamba haikupelekwa wala haikutiwa sahihi. Hekima hiyo ya zamani imepata shahidi mpya huko Japani. Mwaka 2024 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Nagoya walitoa taarifa kwamba watu waliokasirishwa, wakaandika hisia zao katika karatasi kisha wakaitupa au kuipasua, hasira yao ilishuka karibu kufikia hali ya awali, ilhali walioitunza karatasi yao hawakupata nafuu hiyo. Kwa mtumishi wa umma, ambaye maisha yake yote ni karatasi, hii ni dawa isiyohitaji bajeti. Aandike yote, kwa lugha yoyote, kisha aipasue. Karatasi hiyo isipewe namba ya kumbukumbu.

Akishatulia ndipo aseme. Kuvuta pumzi hakukufanya madai yakalipwa. Hapa ndipo wanaposhindwa wale washauri wanaozunguka na semina za afya ya akili maofisini, wakiwafundisha watumishi kufumba macho na kuhesabu hadi 10, kisha wakaondoka na posho yao. Mwalimu aliyehamishwa bila kulipwa fedha za uhamisho, aliyepandishwa cheo kwa barua bila mshahara kubadilika, anayefundisha darasa lenye watoto mara mbili ya kile kiwango cha 45 kilichowekwa kwa darasa la shule ya msingi, huyo si mgonjwa. Hasira yake ni taarifa sahihi kuhusu jambo lisilo sahihi. Kumwambia apumue taratibu huku madai yake yamelala ndani ya kabati ni dhihaka, na dhihaka huzaa kinyongo.

Nchi hii iliwahi kulitazama jambo hili waziwazi. Agizo la Rais Namba 1 la mwaka 1970 lilianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi awe na mahali pa kusemea. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika kifungu chake cha 15, ukamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Kilichotokea baada ya hapo ni fundisho ambalo halijapitwa na wakati. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliweka zana chini, na katika migomo hiyo mingi lalamiko halikuwa la mshahara peke yake. Walilalamikia kutukanwa, kudharauliwa, kufukuzwa kwa ufidhuli. Waliokuwa wamemeza kwa miaka mingi walipopata kifungu cha kukishika mkononi, waliinuka nacho. Wapo mameneja walioiona migomo hiyo kuwa utovu wa nidhamu. Mtu mwenye haki atauliza utovu huo ulianzia upande gani wa meza.

Mabaraza ya wafanyakazi yapo mpaka leo katika wizara, taasisi na halmashauri, na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 inaweka utaratibu wa kuzungumza. Walakini katika sehemu nyingi baraza limegeuka kuwa siku ya kupokea taarifa ya makadirio, kupiga picha na kula. Mjumbe anayesimama kusema jambo la kweli hutazamwa kama mtu aliyekosa shukrani. Baraza la namna hiyo hubaki na chakula cha Makunduchi bila yale mabua, na chakula peke yake hakijawahi kumaliza ugomvi.

Mahali ambapo hasira isiyosemwa huonekana kwa macho ni shuleni, na hapo hapafai kupitwa kwa upole. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema kwamba adhabu hiyo itolewe kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kwa kosa zito, viboko visizidi 4, atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike isipokuwa hayupo shuleni, na kila mara iandikwe katika daftari maalumu. Yeyote aliyesoma katika shule za nchi hii anajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na asubuhi ya kawaida ya mchakamchaka. Mwezi Oktoba mwaka 2016 picha za video zilisambaa nchini zikionyesha walimu kadhaa waliokuwa katika mafunzo ya vitendo mjini Mbeya wakimshambulia mwanafunzi mmoja wa sekondari kwa fimbo, makofi na mateke. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu mmoja hatiani kwa kosa la kumuua.

Wapo wanaoitetea fimbo kama malezi, na mabishano juu ya kuifuta kabisa yanaendelea. Kenya ilikwisha iondoa shuleni kisheria mwaka 2001. Lakini hata mtetezi wake mkubwa hawezi kuliita malezi pigo linalotolewa na mtu anayetetemeka kwa ghadhabu. Masharti ya mwaka 2002, yakisomwa kwa makini, yanafanya kazi moja ambayo aliyeyaandika huenda hakuikusudia: yanaweka muda kati ya hasira na mkono. Mwalimu anayelazimika kwenda ofisi ya mwalimu mkuu, kueleza kosa, kupata kibali cha maandishi, kufungua daftari na kuandika jina la mtoto kwa herufi zinazosomeka, akifika mwisho wa mstari huo huwa amekwisha vuta pumzi mara nyingi. Mara nyingi atagundua kwamba hakuna kosa la kuandika. Mtoto alisahau daftari. Aliyekosea alikuwa afisa wa halmashauri, na afisa huyo hamo katika orodha ya darasa la 3.

Ndiyo maana wakaguzi wa shule wanaofika kuangalia maandalio ya masomo wangefaa waombe pia daftari hilo la adhabu. Daftari tupu katika shule ambayo kila mwalimu anaonekana na fimbo kwapani linaeleza mengi. Na wanapomaliza huko, waulize chumba cha walimu kilikutana lini mara ya mwisho kuzungumza juu ya walimu wenyewe, mwenyekiti akiwa mtu mwingine asiye mwalimu mkuu, na je, yaliyosemwa yaliandikwa na kupelekwa wilayani yakiwa na tarehe. Katika shule ambayo jibu la swali hilo ni kuangaliana, mkaguzi asiondoke kabla ya kengele ya mapumziko. Asimame kidogo karibu na dirisha la darasa la 3, asikilize.